Mgongo wa Bajaji

Barabara ya TANZAM ikiingia Mwanjelwa, jijini Mbeya, huacha ukubwa wake wa barabara kuu na kuwa kichochoro cha soko. Lori la mafuta linalokwenda Tunduma, basi la mkoani, Hiace za Uyole na Mbalizi, bajaji, bodaboda, mkokoteni wa viazi na mama mwenye beseni la ndizi kichwani, wote wanagombea lami hiyo hiyo moja. Hakuna anayekimbia, na kwa kuwa hakuna anayekimbia, kila mtu anasoma. Dereva wa lori anasoma turubai la nyuma la bajaji iliyomtangulia. Abiria wa dirishani anasoma ubavu wa gari la soda. Anayesubiri kuvuka anasoma kizibao cha bodaboda. Juu ya vichwa vyao limesimama bango la chuma, ghali kuliko maandishi mengine yote yaliyopo hapo, na ili kulisoma lazima mtu ainue shingo, jambo ambalo mwenye mzigo kichwani hawezi na mwenye usukani hapaswi.

Katika biashara ya matangazo ya barabarani wengi hudhani kinachouzwa ni ubao, kwa hiyo ubao mkubwa ndio bora. Ninavyoona mimi, kinachouzwa ni sekunde za macho ya watu, na penye sekunde nyingi ndipo penye mali, hata kama ni kipande cha turubai chenye upana wa meza ndogo. Hesabu yake si ngumu. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Bango linaloanza kusomeka kutoka mita 100 linapewa sekunde saba tu, na humo humo dereva ana mambo mengine ya kutazama. Nje ya mji, kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde hizo zinashuka hadi nne na nusu. Kwenye foleni inayotambaa kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, mita hizo hizo 100 zinakula zaidi ya dakika moja. Lakini mgongo wa bajaji una kitu ambacho bango halitakipata hata lijengwe kubwa namna gani: unasafiri pamoja na msomaji wake. Bango limesimama, wewe unalipita. Bajaji iko mita tatu mbele yako, na itabaki mita tatu mbele yako mpaka foleni ifunguke au dereva wake aone abiria. Kwa aliye nyuma yake, maandishi yale hayaendi popote.

Ujuzi huu si mgeni kwetu. Pwani waliujua zamani kwa kanga. Jina la kanga, yaani msemo wake, limepangwa upande wa chini, juu kidogo ya pindo, ili kanga ikivaliwa liangukie nyuma ya mvaaji. Mwenyewe halioni. Anayelisoma ni yule anayemfuata njiani, au jirani aliyebaki mlangoni huku mwenzake akijipitia zake taratibu. Aliyetaka kumjibu wifi yake hakuhitaji kufungua mdomo, alihitaji kupita tu, na kupita polepole. Wafanyabiashara nao hawakulala. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza Mombasa mwaka 1887, alitia kwenye kanga zake alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, nayo ikatembea sokoni, harusini na msibani juu ya miili ya wanawake ambao walikuwa wameinunua kwa fedha zao wenyewe. Mteja analipa, anavaa, anatangaza. Sijui kampuni gani ya matangazo ya leo imewahi kufanya biashara tamu kuliko hiyo.

Mbali na huku, Marekani, kuna kisa kinachoonyesha jambo hilo kutoka upande mwingine. Kuanzia mwaka 1925 kampuni ya krimu ya kunyolea iliyoitwa Burma-Shave ilisimika kando ya barabara za mashambani vibao vidogo vyekundu vilivyofuatana, kila kimoja na kipande cha ubeti, na cha mwisho kikiwa na jina la bidhaa. Msafiri aliyesoma cha kwanza hakuweza kuacha cha pili, maana vina vilikuwa vinamdai. Vibao vile vilitegemea mwendo wa magari ya wakati huo kama ngoma inavyotegemea mguu wa mchezaji. Barabara zilipopanuliwa na magari yakaongeza kasi, ubeti ukaanza kukatika katikati, na mwaka 1963 kampuni ikaviondoa. Maneno yalikuwa yale yale na rangi ile ile. Kilichokufa ni mwendo.

Huku nyanda za juu kusini mwendo umefundisha watu biashara bila kitabu. Chukua mlima Kitonga, mkoani Iringa. Lori lenye shehena linaupanda kwa kugugumia, kona baada ya kona, mpaka mtu mwenye haraka atamani kushuka na kutembea. Chini yake ipo Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, na ukishapanda unaikuta Ilula na nyanya zake. Wauzaji hawa hawakujipanga pale kwa sababu mashamba yako karibu tu. Mashamba yapo sehemu nyingi za barabara hii ambako gari hupita kama upepo na hakuna hata kapu moja kando. Walijipanga pale kwa sababu ndipo gari linapopungua au kusimama, ndipo abiria anapotoa kichwa dirishani, na ndipo dereva anapotafuta kisingizio cha kupumzisha injini. Ndoo ya nyanya iliyoinuliwa juu usawa wa dirisha la basi ni tangazo lililowekwa mahali pake, kwa wakati wake, kwa urefu wake. Halina hata herufi moja.

Na kama ni kutafuta bingwa wa kazi hii, basi bingwa ni fundi pancha. Anachukua tairi lililokufa, analisimamisha ukingoni mwa barabara, pengine analipaka rangi nyeupe, basi. Barabara ya TANZAM inabeba madereva wa Zambia, Kongo na Malawi, na wapo wasiosoma neno la Kiswahili, lakini hakuna dereva duniani anayehitaji kutafsiriwa tairi lililosimama peke yake kando ya lami. Kisha utazame amelisimamisha wapi: penye mahali pa lori kuegesha, mara nyingi baada ya kipande kibovu au chini ya mteremko, pale ambapo mwenye shida tayari anaijua shida yake. Bango la kawaida linamwambia mtu atake kitu. Tairi la fundi pancha linamngoja anayetaka tayari. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na bajeti nyingi za matangazo huungua katikati yake.

Wanaobandika karatasi za waganga kwenye nguzo za umeme karibu na stendi nao wameelewa, tuwapende tusiwapende. Msomaji wao amesimama, hana la kufanya, ana simu mkononi na neno moyoni. Karatasi iko usawa wa macho yake, namba ya simu imeandikwa kwa tarakimu nene kuliko jina la mganga, na orodha ya yanayotibiwa inaanza na mapenzi, kwa kuwa nadhani utafiti wao umewaonyesha hivyo. Kuna pia waliopatia mno: maduka ya majeneza yanayotazamana na lango la hospitali. Mahali ni sahihi kibiashara kiasi cha kumfanya mgonjwa aliyekuja kupima malaria ageuze uso. Mahali pazuri panaweza pia kuumiza, na sheria za kibiashara pekee hazitoshi kupachagua.

Mafundi wa matangazo wa nje ya nchi wanafanya hayo kwa fedha zaidi na wakati mwingine kwa akili nyingi. Bustani ya wanyama ya Copenhagen ililizungushia basi picha ya chatu mnene aliyelibana, na kwenye mikunjo ya nyoka basi lilichorwa kama limepondeka kweli. Aliyeliona kituoni hakuhitaji maelezo. Kilicholifanya tangazo hilo lifanye kazi ni kwamba liliutumia mwili wa basi wenyewe. Lingebandikwa ukutani, lingekuwa picha ya nyoka tu. Kwetu mabasi mengi yanachukuliwa kama ukuta unaotembea: tangazo la gazetini linakuzwa, linabandikwa ubavuni, nusu ya maneno inaangukia kwenye mlango, na mlango ukifunguliwa bidhaa inapoteza jina. Mchoraji wa kawaida wa Mwanjelwa mwenye kopo la rangi na brashi mbili hafanyi kosa hilo, kwa sababu yeye anaanza kwa kulizunguka gari.

Hapa ndipo hoja yangu inapouma. Kama mgongo wa bajaji una sekunde nyingi kuliko bango, mbona mwenye bango analipwa kodi ya pango na mwenye mgongo hapewi kitu, au anapewa kizibao? Bodaboda anayevaa kizibao cha kung'aa chenye nembo ya kampuni ya simu anaamini amepata zawadi. Amepata, hilo ni kweli. Kizibao kinaonekana usiku na kinazuia kiasi cha baridi ya Mbeya mwezi wa sita. Lakini kampuni imepata mtu anayetangaza kutwa nzima, barabara zote, bila mshahara. Vivyo hivyo kuta za nyumba na vibanda vya kando ya barabara. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, Vodacom ikageuka nyekundu mwaka 2011, Tigo ikawa Yas mwaka 2024, na kila mara vibanda vya nchi nzima vimebadili rangi kama vinyonga. Mwenye kibanda mara nyingi hulipwa kwa rangi yenyewe: ukuta wake umepigwa bure, unapendeza, ameshukuru. Rangi hiyo itakaa miaka. Gawanya makopo mawili matatu ya rangi kwa siku za miaka hiyo, kisha kwa watu wanaopita Mwanjelwa kila siku, uone umeuza macho hayo kwa bei gani. Serikali yenyewe haikuwa na shaka kwamba kuna fedha kwenye mabango: mwaka 2017 ilihamisha ukusanyaji wa ada ya mabango kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA), na hakuna anayegombea mfuko mtupu.

Kuna mambo ya kutatanisha ndani ya hesabu hii, na moja linastahili kutazamwa kwa makini. Bajaji nyingi si za wanaoziendesha. Dereva anapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, na kinachozidi ndicho chake. Sasa mgongo ni wa nani? Chombo ni cha bosi, hilo halina ubishi. Lakini sekunde za macho anazitengeneza dereva: yeye ndiye anayeamua kuzunguka Kabwe na Mafiati penye watu badala ya kujificha kijiweni, yeye ndiye anayefuta tope, yeye ndiye anayejua foleni iko wapi saa kumi na mbili jioni. Bosi akikodisha turubai la nyuma na kumwachia dereva hesabu ile ile, dereva atakuwa amepewa kazi ya pili bila kuambiwa. Haki ingekuwa fedha ya tangazo ipunguze hesabu. Na jambo hilo lina faida hata kwa mwenye bidhaa, maana dereva mwenye fungu lake kwenye tangazo atalipeleka penye watu.

Wapo watakaosema nimelidharau bango bila sababu. Bango kubwa, watasema, halipo ili lisomwe neno kwa neno. Lipo ili lionekane. Linasema kampuni hii ina fedha, itakuwepo kesho, unaweza kuiamini na akiba yako. Hoja hiyo ina uzito. Benki mpya isiyojulikana haiwezi kujitambulisha kwa mgongo wa bajaji, mteja angeona kama mzaha. Bango linafanya kazi ya mnara wa msikiti au kengele ya kanisa: linaonyesha kwamba wenyewe wapo na wana nguvu. Lakini ukikubali hivyo umekubali pia kwamba bango linafaa wachache, wale wanaouza imani na wana fedha ya kungoja. Mwenye duka la vipuri, mama mwenye mgahawa, fundi simu, mwenye kiwanda kidogo cha kukoboa mpunga, hao hawana haja ya mnara. Wanahitaji mtu aliye mita 200 kutoka mlangoni pao ajue kwamba mlango upo. Na kampuni ambazo tayari zinajulikana mpaka na watoto wa chekechea zinajenga bango la nini? Mara nyingi, nadhani, ni kwa ajili ya kampuni shindani na si kwa mteja.

Wengine watauliza juu ya uhakika. Bango liko pale pale kila siku, lakini bajaji inaweza kushinda gereji, ikaingia mitaa ya ndani ambako wasomaji ni mbuzi, au ikafunikwa na tope kuanzia Novemba mpaka mvua zikatike. Suala la tope ni la kweli na sina jibu lake zaidi ya kitambaa na dereva mwenye sababu ya kukitumia. Lakini suala la kutangatanga linajibika. Bajaji zina vijiwe, zina njia zilizozoeleka, na madereva wa kijiwe kimoja wanafahamiana. Anayekodi mgongo mmoja anacheza bahati nasibu. Anayekodi migongo 20 ya kijiwe kimoja amenunua mtaa. Ikiwa tangazo ni la siku chache, kama lile la maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, hakuna bango linaloweza kuwekwa na kuondolewa haraka namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Kama kila mtu anasoma, nani anaendesha? Barabara hii ina miteremko ambayo imeua watu, na lori lililokatika breki halingojei mtu amalize sentensi. Hapo sina ubishi: hakuna haki ya mfanyabiashara inayopita uhai wa mtu aliye kwenye kivuko cha pundamilia. Ila tuseme hatari iko wapi hasa. Tangazo la hatari ni lile linalomtaka dereva aondoe macho kwenye njia yake: bango lililo juu kushoto, au skrini inayobadilisha picha usiku karibu na makutano, ambayo jicho huifuata bila kuamriwa. Maandishi yaliyo kwenye chombo cha mbele yako yako palepale ambapo dereva mwangalifu anapaswa kutazama. Hayo yakiwa mafupi, maneno matatu manne, yenye herufi nene, hayamwondoi barabarani. Yakiwa aya nzima na namba tatu za simu, yatamvuta asogee karibu ili asome, na hapo ajali inazaliwa. Kwa hiyo kanuni ingepaswa kupima wingi wa maneno na kulinda namba ya usajili, taa na mstari wa rangi unaomwambia abiria gari linakwenda njia gani. Mstari huo, kwa njia, ndio tangazo linalosomwa kuliko yote, na hakuna anayeuza kitu kupitia kwake.

Na uchafu wa macho? São Paulo, jiji kubwa kuliko yote nchini Brazili, lilichoka. Chini ya meya Gilberto Kassab lilipitisha sheria ya jiji safi iliyoanza kutumika mwaka 2007, na mabango yapatayo 15,000 yakashushwa. Watu waligundua upya majengo yao. Nairobi ilipita njia ya kupinda: kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilizitia matatu mstari wa njano na kuzinyamazisha, kisha wakati wa Rais Uhuru Kenyatta michoro ikaruhusiwa tena, kwa hoja kwamba ni kazi ya vijana. Mimi niko karibu zaidi na Nairobi, lakini kwa sharti. Mwanjelwa si mahali pa kunyamazishwa. Soko lake liliungua mwaka 2006, soko la SIDO jirani likaungua mwaka 2017, na kila mara wafanyabiashara walirudi na meza, mitumba na spika zao. Kelele za macho ni sehemu ya maisha ya mahali hapo. Sharti ni kwamba anayeongeza kelele alipie, na amlipe yule anayeibeba mgongoni.

Kuhusu simu, eti siku hizi watu wote wameinamia skrini na hakuna anayetazama barabara, hilo ni la abiria aliyekaa. Dereva, mtembea kwa miguu na mbeba mzigo bado wana macho ya mbele, na Mwanjelwa hao ndio wengi.

Kinachokuja kitalipima jambo hili vizuri kuliko maneno. Barabara ya TANZAM ndani ya jiji la Mbeya inapanuliwa kuwa njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Kusudi la upanuzi ni kuondoa foleni, na foleni ikiondoka, zile sekunde zinarudi kuwa saba, pengine tano. Hifadhi ya barabara, tangu sheria ya barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami, na kila kilichosimama ndani yake kinajua maana ya alama ya X ya kubomolewa. Mabango yaliyomo humo yatang'olewa na kusimikwa nyuma zaidi, mbali zaidi na macho, mbele ya magari yanayokwenda kasi zaidi. Bajaji haitang'olewa. Itahamia kwenye vituo vipya, kwenye mataa, kwenye vivuko na barabara za pembeni zinazoingia sokoni, popote gari litakapolazimika kusimama, ikiwa imegeuza mgongo.